Dawa Haichachi

Malangali, Sumbawanga
Mchana, siku moja kabla hujaondoka

Skola mwanangu,

Barua ya baba kwa mtoto huanza kwa kuulizia hali, lakini wewe umetoka hapa nusu saa iliyopita na hali yako naijua. Una mafua ya vumbi hili la Agosti, na umekasirika kwa sababu kufuli la sanduku limekataa kufunga. Umekwenda mjini kununua jingine. Ukitoka huko utapita parokiani kumuaga padre, na kwa jinsi ninavyomjua yule padre akishapata mtu wa kuzungumza naye, nina saa mbili, labda tatu. Zitanitosha, ingawa itabidi unisamehe mwandiko.

Sitakuandikia habari za sweta, wala pasi ya kusafiria, wala nani wa kumwogopa uwanja wa ndege. Mama Oresta, jirani yetu, ameshakusomea hayo yote mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na wewe unakwenda India miaka mitatu. Hesabu hiyo tumeshaifanya wote wawili, kila mtu kimya kimya, na jibu letu ni moja. Kwa hiyo ninachotaka kukuambia nakuambia leo.

Lakini kwanza niruhusu nirudi kwenye Jumapili ile ya hadubini, maana yote yameanzia hapo.

Unakumbuka ulivyoitoa kabatini, ile hadubini kuukuu niliyopewa na shule nilipostaafu, ukafuta lenzi kwa ncha ya kanga, kisha ukaenda kwa Mama Oresta kuomba kikombe cha pombe ya ulezi iliyokuwa bado inatoa povu. Alikuja nyuma yako huku ameshika kiuno.

"Mwalimu, mnapima pombe yangu? Mmetumwa na bwana afya?"

"Tunataka kuwaona wafanyakazi wako," ukamwambia.

Aliinama kwenye lenzi muda mrefu. Nilifikiri haoni kitu. Kisha akasema polepole, "Wako wengi. Na huyu mmoja ana kijinundu begani."

"Huyo anazaa, Mama. Kijinundu ndiye mtoto wake."

"Ala. Kumbe wao ndio wanaokesha, mimi ndiye ninayesifiwa."

Ukamweleza kazi unayokwenda kujifunza. Kwamba hao hao, chachu, ukichukua maagizo ya mwili wa binadamu, yale yanayosema insulini itengenezwe namna gani, ukayaingiza ndani yao, watayasoma kana kwamba ni yao na kuanza kuitengeneza. Kwamba wenzao bakteria wa tumboni nao hufanya hivyo. Kwamba sindano nyingi za sukari zinazopigwa leo duniani zimetoka kwenye matangi makubwa ya vijidudu kama hivi, si tena kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kama nilivyosoma mimi ujanani.

Mama Oresta akauliza swali ambalo mimi, mwalimu wa baiolojia wa miaka thelathini na sita, sikuwa nimelifikiria. "Na wao wanalipwa nini?"

"Sukari," ukasema. "Tunawalisha sukari."

"Wanalishwa sukari, wanatengeneza dawa ya sukari." Alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka na mimi, moyo ukanipiga vibaya, ukanikaripia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuuliza maswali kama mtoto wa darasa la tatu, nawe umeyajibu kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao kwa wanafunzi wangu. Nilikuuliza kama chachu inajua kwamba kitu inachotengeneza si chake. Ukasema haijui, ila inachoka. Nilikuuliza kama mtoto wa chachu naye anazaliwa na yale maagizo ya kibinadamu. Ukasema ndiyo, lakini si kila mara, maana kwake ni mzigo, na akipata nafasi huutua. Nikauliza, basi mnafanyaje asisahau? Ukaniambia huwa mnaweka tangini kitu kinachomuua kila aliyesahau, wakabaki wanaokumbuka tu. Ulisema hivyo huku unamenya viazi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikwenda kulala na maneno hayo, na nimeamka nayo kila siku.

Siku nyingine nilikuuliza protini inatofautianaje na kitu kingine chochote kilichoungwa kwa vipande. Ukavua kitambaa chako cha kichwa. "Baba, hii ni nguo. Nikiikunja hivi na kuifunga hivi, ni kilemba. Nikiikunja vingine, ni ngata ya kubebea ndoo. Nyuzi ni zilezile. Kazi iko kwenye mkunjo." Ukasema vijidudu vikiharakishwa sana hukunja ovyo, protini zinashikana mabonge yasiyo na faida, ndiyo maana mara nyingine mnapunguza joto la tangi ili vifanye kazi taratibu. Kisha ukafungua kile kilemba kwa kukitikisa mara moja. "Na joto likizidi, hata iliyokunjwa vizuri hufunguka. Insulini ikipata joto muda mrefu, kichupa unakiona ni kilekile, maji ni maangavu vilevile. Kwa macho hujui. Lakini unapiga sindano ya nguo iliyofunguka."

Hapo nilifumba macho. Ulifikiri nimechoka, ukaniletea blanketi.

Skola, sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemsikia Yustina.

Sasa nakwenda kwenye lenyewe. Unajua mama yako alifariki ukiwa kidato cha pili, bwenini, na unajua ulichoambiwa: kwamba alikwenda Muze kumhudumia mdogo wake Yustina aliyekuwa amejifungua, kwamba akaugulia kule, na kwamba mama yako mdogo, akiwa na kichanga mikononi, hakuwa makini na sindano. Hakuna aliyekuambia kwa sentensi moja. Ulikusanya mwenyewe, kipande kwa shangazi huyu, kipande kwa mjomba yule, na kwangu ulikusanya kimya. Kimya changu ndicho kilichounganisha vipande. Tangu hapo hujamwita Yustina mama mdogo. Unamwita "yule wa Muze."

Haya ndiyo yaliyotokea.

Mama yako alikuwa anapiga sindano mwaka wa sita. Hatukuwa na friji, na hatukuona haja yake. Unalijua dirisha hili ninapoandikia, la upande wa upepo. Kichupa kilikaa hapa, ndani ya kikombe cha udongo, na asubuhi za Juni kilikuwa baridi kiasi kwamba alikipasha kwanza kiganjani kabla ya kuvuta dawa. Alipenda kuwaambia wageni, "Friji yetu haina waya." Nasi tulijiona watu wenye akili. Nilimweleza hata muuguzi mmoja kwamba huku juu Ufipa baridi ni ya bure.

Akashuka Muze, kule bondeni, mwezi wa Novemba, kabla ya mvua. Unaijua tofauti ya huku na kule. Unatoka hapa umevaa koti, gari linashuka ule mteremko, na kabla hujafika chini umeshalivua na unatafuta maji. Alibeba vichupa viwili kwenye mkoba, pamoja na nguo za mtoto alizofuma. Mimi ndiye niliyempakia. Nilivifunga kwenye soksi yangu ya sufu visipasuke. Skola, niliifunga dawa kwenye sufu na kuipeleka kwenye joto, halafu nikarudi darasani kufundisha.

Kule aliviweka dirishani, kama alivyozoea. Dirisha la chumba cha bati.

Wiki ya tatu Yustina alinipigia simu. Nilikuwa chumba cha walimu, wakati wa chai, watu wamejaa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kichanga hajambo?"

"Hajambo. Dada ndiye hayuko sawa. Kiu haimwachi, anakunywa ndoo nzima. Sindano anapiga, mimi mwenyewe namwona, lakini ni kama anapiga maji. Shemeji, naona dawa imechacha."

Nikacheka. Nataka ulijue hilo. Nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wenzangu, "Yustina, dawa haichachi. Kinachochacha ni uji." Walimu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na maharage ya jana." Wakacheka tena.

Yustina akasubiri watulie. "Basi niseme imeharibika. Mimi sijui neno lake. Huku ni joto, shemeji, hata maziwa ya asubuhi hayafiki saa sita."

"Sisi tunaiweka dirishani mwaka wa sita," nikamwambia. "Ingekuwa ya kuharibika ingeshaharibika. Endeleeni na dozi ileile. Hiyo ni malaria ya bondeni, mpeleke akapimwe."

"Wewe ndiye msomi, shemeji," akasema, akakata simu. Haikuwa kejeli. Aliniamini.

Na kitu ninachotaka ukitazame kwa makini, kwa sababu nimekitazama miaka kumi na moja na bado kinanishangaza, ni hiki: nilikuwa najua. Kila mwaka, kidato cha tatu, nilichemsha yai mbele ya darasa. Nilisema, tazameni, hii ni protini, joto limeibadili, na hairudi tena kuwa ute. Wiki iliyofuata niliandika ubaoni kwamba insulini ni protini. Sentensi zote mbili zilikuwa kichwani mwangu, zimekaa kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Yustina, aliyeishia darasa la saba, hakuwa na hata moja kati ya hizo, lakini alikuwa na maziwa yaliyoharibika na dada mwenye kiu, akaunganisha. Mimi nilisikia neno lililokosewa, nikalisahihisha. Sikusikia kilichokuwa ndani ya neno. Sikumuuliza hata swali dogo la mahali dawa ilipowekwa.

Siku mbili zikapita kwa vidonge vya malaria. Siku ya tatu walikodi gari. Nilimpokea mama yako mlangoni pa hospitali akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyepanda mteremko wote kwa miguu, na mdomo wake ulinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alinitambua. Alisema, "Friji yetu," akatabasamu nusu. Sikujua kama ni mzaha au kama ameshaelewa kabla yangu. Hakusema tena.

Msibani mjomba wako mkubwa aliuliza mbele ya watu wote, "Huko alikuwa anapigwa sindano na nani?"

Nikajibu, "Siku za mwisho, na Yustina."

Jibu lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilifanya kazi mbaya kuliko uongo. Niliona macho ya watu yakigeuka kumtazama, amekaa kwenye mkeka na mtoto wake. Ningeweza kuongeza sentensi moja. Na makaburini, watu walipoanza kutawanyika, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, waambie nilikuuliza."

"Si wakati wake, Yustina," nikamwambia.

Alisubiri wakati wake. Nilimwachia ausubiri miaka yote hii. Nilijiambia kwamba sina hakika, kwamba huenda ilikuwa malaria kweli, kwamba mwanafunzi wangu bora, yaani wewe, asingekwenda sayansi kama angejua sayansi ya baba yake ilifanya nini. Nilikuwa natua mzigo, kama chachu yako, kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeweka tangini kitu cha kuniua. Mpaka uliponiletea blanketi.

Sikuandikii ili uniambie nilikuwa na nia njema. Nia yangu chumba kile cha walimu ilikuwa kuonekana najua. Ukiwa huko utapewa koti jeupe, na watu watakuja kwako na maneno yasiyo ya kitabuni. Sina fundisho la kukupa hapo zaidi ya sauti ya Yustina ikisubiri walimu wamalize kucheka. Mimi bado naisikia.

Wiki iliyopita nilimpigia. Namba yake nilikuwa nayo muda wote. Aliposikia ni mimi akasema shikamoo kama kawaida, na mimi nikasahau hotuba yote niliyoiandaa.

"Yustina," nikasema, "dawa ilichacha."

"Nilijua," akasema. "Mtoto anajua?"

Nikamwambia nimepanga kuandika barua, niiweke chini kabisa sandukuni, uikute ukishafika India.

"Ili akikasirika awe mbali?"

Akaendelea kabla sijajitetea.

"Shemeji, mwambie kabla hajaondoka. Ukimwambia akishaondoka, umeniambia mimi niendelee kusubiri."

Ndiyo maana barua hii hutaikuta India. Naiweka juu ya sanduku lako, pale ambapo kufuli lilikataa, uisome leo ukiwa na nafasi ya kunikasirikia nikiwa chumba cha pili. Nimechagua kuandika badala ya kusema kwa sababu nikisema nitaanza kueleza, na nikianza kueleza nitajitetea. Unanijua. Nakala nyingine ya haya, bila habari za hadubini, nimemwandikia mjomba wako mkubwa. Jumapili jumuiya inasali hapa kwetu, na nitawasomea walewale waliokuwa msibani, kama moyo utaniruhusu. Moyo usiponiruhusu, nimempa Mama Oresta nakala nyingine aisome yeye. Ameniambia ataisoma kwa sauti kubwa kuliko yangu, na namwamini.

Jambo la mwisho. Katika simu ile Yustina aliniambia kichupa anacho. Kile cha pili, kilichobaki nusu. Alikifunga kwenye ile soksi yangu akakihifadhi, akisubiri siku atakapopatikana mtu wa kukipima. Nilimuuliza, na huo ulikuwa udadisi tu, siwezi kuuacha hata sasa, "Maji yake yakoje?"

"Maangavu," akasema. "Kama siku ile."

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba baada ya miaka kumi na moja hakuna kipimo cha kutofautisha joto la Novemba ile na joto la miaka iliyofuata. Kile kichupa hakiwezi kumtetea tena. Kilichobaki cha kumtetea ni mimi, na mimi sina muda mrefu. Yeye hajui hilo la kipimo. Amekibeba kichupa akikuletea.

Naam, amekuja. Alipanda na gari la asubuhi, yuko kwa Mama Oresta tangu saa tano, pamoja na yule aliyekuwa kichanga, binti sasa, anayeitwa Leokadia kama mama yako. Hataki kuingia humu mpaka wewe umwite. Nimesikia sauti yake mara mbili kupitia uani, anamsaidia mwenyeji wake kukoroga kimea.

Sijui utafanya nini. Nimejaribu kukisia na nimeshindwa, na kwa mara ya kwanza naona kutojua kwangu ni haki yako. Unaweza kuja kwanza chumbani kwangu. Unaweza usije. Lakini ukitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kule, mwamkie, umwite mama mdogo, upokee kichupa kwa mikono miwili. Usimweleze habari za kipimo leo.

Na akikuambia dawa ilichacha, usimsahihishe.

Baba yako